Sura ya Nne: Nzima Hapa, Mbovu Kule

Mama alishuka kwenye Hiace ya Muleba akaja moja kwa moja hadi kibanda cha nyimbo karibu na stendi ya Bukoba. Flashi ilikuwa ndani ya leso, leso ndani ya kipochi, kipochi ndani ya mkoba. Aliifungua taratibu, kama mtu anayetoa kielelezo mahakamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uliniuzia mbovu."

Kijana aliichomeka kwenye laptopu. Folda ya kwaya ikafunguka, nyimbo zote zimo. Akabofya mmoja, sauti ikajaa kibandani. "Mama, hii nzima. Si unasikia mwenyewe?"

"Nzima hapa kwako. Kwangu Kamachumu sabufa inaandika ERR."

Nilikuwa kwenye benchi nasubiri fotokopi zangu, nikawa nashangilia kimoyomoyo. Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote tangu watu wajue kwamba nafundisha kompyuta: kwa nini flashi inasoma kwenye mashine moja na kugoma kwenye nyingine? Wengi hulimaliza kwa neno "mbovu" na kununua nyingine. Mama hakuwa mwongo, na kijana hakuwa mwongo. Flashi yenyewe haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa kwamba mtu asiyemjua, kwenye kiwanda asichokijua, aliwahi kuamua sabufa yake ifahamu nini na isifahamu nini.

Nani anaongea na flashi?

Tuanze na maneno matatu, tusije tukapotezana mbele.

Mfumo endeshi ni programu mama ya kompyuta au simu: Windows, Android, Linux. Ndani yake mna kiini kinachoitwa kerneli. Wewe hukioni. Hakina picha wala kitufe, lakini ndicho kinachogawa kazi na ndicho pekee chenye ruhusa ya kugusa vyuma. Programu ya kucheza nyimbo haigusi flashi hata siku moja, inaiomba kerneli.

Draiva ni kipande cha kerneli kinachojua kuongea na kifaa cha aina fulani: draiva ya flashi, ya kadi, ya spika na kadhalika. Kerneli bila draiva ni kama ofisi ya serikali isiyo na mkalimani. Aliyefika na lugha ngeni atakaa kwenye foleni hadi jioni.

Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, na leo ina zaidi ya mistari milioni 25 ya programu. Sehemu kubwa ya mistari hiyo ni draiva. Usifikiri ni mambo ya Ulaya: kila simu ya Android iliyoko Bukoba inatembea na kerneli ya Linux, na ving'amuzi na ruta nyingi pia. Sabufa za bei ndogo kwa kawaida hazina Linux. Zina chipu moja yenye programu fupi iliyowekwa kiwandani. Hata hivyo, maswali zinayojiuliza flashi ikichomekwa ni yale yale, ila kwenye Linux tunaweza kufunua kifuniko tukaona.

Milango mitatu

Flashi ikichomekwa, kuna milango mitatu ya kupita kabla wimbo haujasikika.

Mlango wa kwanza: wewe ni nani? Flashi hujitambulisha kwa namba za aina yake. Flashi karibu zote hutaja namba ile ile ya kundi, 08, maana yake "mimi ni ghala la data". Ndiyo maana draiva moja inatosha kwa flashi za makampuni yote. Waliotumia Windows 98 watakumbuka kwamba haikuwa hivyo. Kila flashi ilikuja na CD yake ya draiva, na ukipoteza CD umepoteza flashi.

Mlango wa pili: eneo lako limegawanywaje? Mwanzoni mwa flashi huwa kuna jedwali dogo linaloeleza kipande kinaanzia wapi na kuishia wapi, kama ramani ya viwanja.

Mlango wa tatu: ndani ya kiwanja, mafaili yamepangwaje? Huu unaitwa mfumo wa mafaili, na ndio uliomkwamisha mama wa Kamachumu.

Kwenye Linux, kila mlango ni mstari mmoja au miwili kwenye faili la usanidi, yaani orodha ya mambo ambayo kerneli imeagizwa kuyajua:

CONFIG_USB_STORAGE=y
CONFIG_BLK_DEV_SD=y
CONFIG_MSDOS_PARTITION=y
CONFIG_VFAT_FS=y
CONFIG_EXFAT_FS=m

Mstari wa pili umewatesa wengi. Flashi ya USB huongea kwa amri za SCSI, lugha ya diski za maofisini ya miaka ya 1980. Ukiwasha mstari wa kwanza na kuusahau wa pili, kerneli itaiona flashi, itaitaja jina na kampuni, kisha basi. Diski haitokei. Ni kama kumpokea mgeni getini, kumsalimia vizuri, halafu kumwacha amesimama pale pale.

ERR ilikotoka

Mfumo wa mafaili unaojulikana na karibu kila kifaa duniani ni FAT32. Ni wa zamani na ni mwepesi, lakini una mpaka: faili moja haliwezi kufikia GB 4. Mwaka 2006 Microsoft walileta mfumo mpya, exFAT, usio na mpaka huo. Mwaka 2009 kiwango cha kadi za SD kikaagiza kwamba kadi zinazozidi GB 32 zitumie exFAT, na flashi nyingi za GB 64 na kuendelea nazo zikaanza kutoka kiwandani zimefomatiwa hivyo hivyo.

Flashi ya mama ilikuwa ya GB 64.

Kwa nini basi mtengenezaji wa sabufa asiongeze exFAT? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa leseni. exFAT ilikuwa mali ya Microsoft na ililipiwa, wakati sabufa ya bei ya chini inahesabiwa senti kwa senti. Hata Linux ilikaa nje hadi Agosti 2019, Microsoft walipotoa maelezo ya mfumo huo hadharani. Draiva ya kwanza ikaingia kwenye kerneli toleo la 5.4 mwishoni mwa mwaka ule, na nyingine bora zaidi ikaingia toleo la 5.7 mwaka 2020. Kwa hiyo lile neno ERR la Kamachumu si la umeme wala la vumbi. Ni la hesabu za mauzo.

Kuna kichekesho pia. FAT32 inaweza kabisa kukaa kwenye flashi ya GB 64, lakini kwa miaka mingi dirisha la kufomati la Windows lilikataa kuzidi GB 32. Dave Plummer, mhandisi wa zamani wa Microsoft aliyeliandika dirisha lile, amesimulia hadharani kwamba mpaka huo aliuchagua yeye mwenyewe mwishoni mwa 1994, akidhani dirisha ni la muda tu. La muda lile likaishi kuliko waziri yeyote ninayemkumbuka.

Kwa kifupi hadi hapa: flashi kugoma si lazima iwe imekufa. Kifaa kinajua kile tu kilichowekwa ndani yake, na mara nyingi kinachokosekana ni mlango wa tatu.

Y, M na kimya

Sasa tuingie jikoni. Anayetengeneza kerneli ya Linux hufungua skrini ya menyu yenye maelfu ya vipengele, na vingi kati ya hivyo vina majibu matatu.

Y maana yake draiva imo ndani ya kerneli yenyewe. Huyo ni mtu wa nyumbani, analala hapo hapo.

M maana yake ni moduli: faili la pembeni linaloitwa pale linapohitajika, kama vibarua wa msimu wa kahawa. Kahawa ikiiva wanaitwa, ikiisha wanarudi kwao, na nyumba haibanani.

Kimya maana yake hayupo. Usimtafute.

Mwanagenzi hupenda M. Inaonekana ya busara: kerneli inakuwa ndogo, mashine inawaka haraka. Nami niliipenda, hadi jioni moja Muleba.

Shule moja ya sekondari ilikuwa na Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotosha kiganjani, iliyobeba maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Haina diski, kila kitu kimo kwenye kadi ya SD. Ilifanya kazi vizuri, na ningekuwa na akili ningeiacha. Lakini nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu jinsi kerneli inavyosanidiwa, nikajenga yangu nyembamba, draiva ya kadi nikaiwekea M. Nikawasha. Skrini ikaandika kwamba inasubiri diski kuu, mmcblk0p2, ikanyamaza. Tukangoja nayo. Kengele ya chakula ikalia, wanafunzi wakaenda wakarudi, maandishi ni yale yale.

Binti mmoja wa mstari wa mbele ndiye aliyelitegua. "Mwalimu, si umesema kibarua anaitwa akihitajika? Anaishi wapi?"

Anaishi kwenye kadi. Faili la moduli ya kusoma kadi lilikuwa ndani ya kadi ambayo haiwezi kusomwa bila moduli hiyo. Nilikuwa nimefunga mlango na ufunguo umebaki ndani. Na ajabu ni kwamba kerneli yenyewe ilitoka kwenye kadi ile ile: programu ndogo ya kuwashia iliyomo kwenye chipu ya Raspberry Pi inajua kusoma kadi, ikaipakia kerneli, ikaikabidhi usukani na kuondoka na ujuzi wake.

Nikabadilisha ile M kuwa Y. Mara hii kosa likabadilika: ikasema haiwezi kufungua diski kuu, unknown-block(179,2), ikaganda kabisa. Nilikuwa nimeiwekea M pia ext4, mfumo wa mafaili wa kipande kile. Angalia namba zilizomo kwenye mabano, kwa sababu ndizo kipimo cha daktari. Ukiona (0,0), kerneli haijaona diski yoyote: tafuta draiva ya kifaa, mlango wa kwanza. Ukiona namba halisi kama 179, ambayo ni namba ya kadi za MMC na SD, basi diski imeonekana na kilichokosekana ni mlango wa tatu. Watu huchoma siku nzima wakibadilisha kadi na nyaya wakati jibu limeandikwa mbele yao.

Kanuni niliyoondoka nayo ni hii: chochote kinachohitajika kuifikia diski ambayo mfumo umelala juu yake, kiwekee Y. Vingine vyote M inatosha. Kompyuta kubwa hukwepa shida hii kwa kubeba kifurushi kidogo cha moduli kinachopakiwa pamoja na kerneli, lakini kwenye mashine ndogo kifurushi hicho mara nyingi hakipo.

Flashi iliyo uchi

Hadi sasa nimesema "flashi" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna ya kuchomeka, na kuna ile iliyounganishwa kwa risasi kwenye ubao wa ruta au king'amuzi. Tofauti yao ni kubwa kuliko ukubwa.

Chipu ya flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba, aliyeiwasilisha mbele ya wahandisi San Francisco mwaka 1984. Jina lilitoka kwa mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa sababu ufutaji wake wa mara moja ulimkumbusha taa ya kamera. Ufutaji huo ndio tabia yake na ndio ugonjwa wake. Fikiria ubao wa darasani ambao unaweza kuandika mstari mmoja mmoja, lakini dasta ina upana wa ubao wote. Ukitaka kusahihisha neno moja, unafuta ubao mzima na kuandika upya. Kwenye chipu za kawaida za aina ya NAND, "mstari" unaweza kuwa KB 2 na "ubao" KB 128. Tena kila kufuta kunakwangua ubao. Chipu bora za zamani zilivumilia kufutwa mara 100,000 hivi. Za leo za bei nafuu ni elfu moja au elfu chache.

Ndani ya flashi ya USB, kadi ya SD na simu kuna chipu ya pili, kontrola, inayobeba shida hizi zote: inahamisha maandishi kutoka ubao uliochoka kwenda ubao mpya, inakwepa uliopasuka. Kerneli haioni. Kwenye ruta, flashi iko uchi, kontrola hakuna, na kazi hiyo yote inarudi kwa kerneli. Hapo ndipo linapoingia kundi la draiva liitwalo MTD, na kwa chipu za NAND, safu ya juu yake iitwayo UBI inayogawa uchakavu sawasawa.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba flashi ya namna hii kwa kawaida haina jedwali la viwanja ndani yake. Ramani anayo kerneli, imeandikwa na aliyeisanidi. Chukua TP-Link WR841N, ruta ndogo nyeupe ambayo fundi wa mitandao atakuwa ameishika zaidi ya mara moja. Matoleo yake mengi yana flashi ya MB 4 tu. Kwenye yale yenye chipu ya Atheros, watu wa OpenWrt, Linux iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta, waliigawa hivi: KB 128 za programu ya kuwashia, KB 3,904 za mfumo wote, na KB 64 za mwisho kwa jina la "art". Kerneli, mipangilio, kurasa za nenosiri, vyote vimebanwa kwenye kile kipande cha kati, nafasi isiyotosha wimbo mmoja wa kwaya.

Hizo KB 64 za mwisho hubeba vipimo vya redio ya ruta ile moja, vilivyopimwa kiwandani. Fundi akikosea ramani na kuandika juu yake, ruta itawaka, taa zitawaka, lakini Wi-Fi yake haitakaa sawa tena, na nakala ya vipimo vile huipati kwenye ruta nyingine ya aina hiyo hiyo. Nimeona mtu akilia kwa kosa hilo. Kwa hiyo kabla ya kuchezea ruta yoyote, nakili kwanza kipande hicho ukakitunze pembeni.

Kerneli huamini

Kuna mgomo mwingine, na huu ni wizi. Flashi imeandikwa GB 512, bei ni ya soda chache, na ukiichomeka kompyuta inakubali: GB 512. Unajaza picha za harusi. Nusu hazifunguki.

Draiva haipimi flashi. Inauliza, "una ukubwa gani?" Kontrola inajibu, na jibu linaandikwa. Tapeli alibadilisha jibu la kontrola. Chipu iliyomo ndani ni ya GB 8. Ukizipita GB 8 za kweli, maandishi mapya yanapotea au yanaangukia juu ya ya zamani, na hakuna anayekuambia. Hakuna usanidi wa kerneli unaoziba hili, ila kuna programu za kupima: f3 ya Michel Machado kwenye Linux na H2testw kwenye Windows. Zinajaza flashi yote kisha zinaisoma tena kulinganisha. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Usiku wa msimu wa senene, ukiwa umekaa na taa na mabati, una muda.

Ukikwama, fuata mpangilio huu:

1. Jaribu flashi kwenye mashine nyingine. Ikisomeka hata kwenye moja tu, weka neno "mbovu" pembeni.
2. Angalia ukubwa na fomati yake. Ikiwa exFAT na kifaa ni cha zamani au cha bei ndogo, hamisha mafaili pembeni, fomati FAT32, uyarudishe.
3. Kwenye Linux, andika dmesg baada ya kuchomeka usome mistari ya mwisho. Imeonekana lakini haina diski? Mlango wa kwanza haujakamilika. Ina diski lakini haifunguki? Mlango wa tatu.
4. Faili linalofika GB 4 halitaingia FAT32 hata uombe vipi. Ligawe.

Na usichomoe taa inapopepesa. Kerneli hukusanya maandishi kwanza kwenye RAM, ambayo ni kama meza ya muuzaji sokoni. Kinachobaki mezani umeme ukikatika hakifiki stoo. Bukoba, ambako kwa miaka mingi umeme ulitoka Uganda kupitia Mutukula, hatuhitaji kufundishwa habari ya umeme kukatika ghafla.

Turudi kibandani. Nilimwomba kijana laptopu. Tukazihamisha nyimbo za kwaya, tukaifomati flashi FAT32 kwa programu ya pembeni, tukazirudisha. Mama alikataa kuondoka hadi aone kwa macho, na hakuwa na sabufa mkononi. Duka la pili lilikuwa na moja rafuni, ya chini kabisa kwa bei. Muuzaji akakubali kuiwasha. Ikapepesa, ikafikiri, ikaandika namba ya wimbo wa kwanza.

"Waitu," mama akasema, akaizungushia leso.

Nilipita pale baada ya mwezi mmoja hivi. Kijana alikuwa na mteja, mvuvi wa kisiwani mwenye kadi ndogo ya redio ya kubebea. Kabla hajapokea hela, wala hajauliza anataka nyimbo za nani, nilimsikia akisema, "Kaka, hii unaenda kuichomeka kwenye nini?"